Pete ya Milimita Moja: Desturi za Wapiga Picha wa Dodoma na Lenzi za Kuungwa

Lenzi ya kuungwa ni lenzi iliyotengenezwa kwa kamera ya kampuni moja, ikavalishwa kamera ya kampuni nyingine kwa pete ya chuma iitwayo adapta. Miongoni mwa wapiga picha wa sherehe wa Dodoma, na wenzao wa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida, jambo hili ni la kawaida kiasi kwamba halizungumzwi. Anayelizungumza ni mgeni. Huona kamera ina jina hili na lenzi ina jina lile, pete katikati imechubuka rangi, akahitimisha kuwa ameona umaskini. Wengine huenda mbali zaidi wakauita ubabaishaji: eti fundi wa kweli hununua seti nzima kwenye duka moja.

Hukumu hiyo ina kasoro mbili. Kuunga lenzi hakukuwa kwa wasio na kitu peke yao. Kulifanywa pia na watu waliokuwa na uwezo wa kununua lenzi yoyote duniani, wakachagua ya kampuni nyingine. Halafu kazi hiyo ina taratibu zake, miiko yake na adabu zake, kama ilivyo kwa wahunzi na watengeneza ngoma. Kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954, kiliandika mambo ya kabila. Desturi za kazi za mjini bado hazijapata Mnyampala wake, na zinaondoka kimyakimya.

Chimbuko ni kamera ya renjifainda. Kamera ya aina hii haina kioo cha ndani cha kugeuza taswira. Mpiga picha huchungulia kwenye dirisha dogo lililo juu ya lenzi, pembeni kidogo, na katikati ya dirisha huona vitu viwiliviwili: uso, na kivuli chake kilichopauka kando. Akizungusha lenzi, kivuli husogea polepole mpaka kikaulalia uso. Vikishakuwa kimoja, umbali umepatikana na shata inaweza kubonyezwa. Kinacholiunganisha dirisha na lenzi ni mkono mdogo wa chuma ndani ya mdomo wa kamera. Mkono huo hugusa ukingo wa nyuma wa lenzi, na lenzi inapozungushwa huusukuma au kuuachia. Kila kitu katika habari hii kinategemea mguso huo.

Kampuni ya Leitz ya Wetzlar, Ujerumani, ilianza kuuza kamera ya Leica mwaka 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lenzi zake zikawa za kufungua na kufunga, kwa skrubu yenye kipenyo cha milimita 39. Skrubu hiyo iliigwa na walimwengu. Kiwanda cha FED mjini Kharkiv kiliitumia tangu mwaka 1934, Zorki za Krasnogorsk tangu 1948, na Canon ya Japani nayo ikaingia mkumbo huo. Matokeo yake ni kwamba lenzi ya Kisovieti iliingia kwenye kamera ya Kijapani, na ya Kijapani ikaingia kwenye ya Kijerumani, bila pete wala fundi. Kuchanganya majina kulikuwa ni kukaza skrubu tu.

Aliyeifanya desturi hiyo ipate heshima ni David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life la Marekani. Mwaka 1950 alikuwa Japani, akaonyeshwa lenzi za Nikkor za kiwanda cha Nippon Kogaku, ambacho leo hujulikana kama Nikon. Wakati huo bidhaa ya Kijapani ilihesabiwa kuwa ya bei chee tu. Duncan alizijaribu, akazifunga kwenye Leica zake, akaenda nazo kwenye vita vya Korea. Picha zilipofika New York, ukali wake uliwashangaza wahariri, na Desemba ya mwaka huo gazeti la New York Times liliandika habari za lenzi hizo. Duncan hakuwa na dhiki ya lenzi. Alikuwa ameona lenzi nzuri yenye jina lisilo na jina. Anayewacheka vijana wa Dodoma kwa kamera zenye majina mawili anamcheka naye.

Mwaka 1954 Leitz walitoa Leica M3, yenye mdomo mpya wa kukita na kuzungusha kidogo badala ya skrubu. Umbali kutoka ukingo wa mdomo hadi filamu, ambao hapa utaitwa kina cha kamera, ulikuwa milimita 28.8 kwenye kamera za skrubu. Kwenye M3 ukawa 27.8. Upungufu wa milimita moja ulikusudiwa. Pete ya milimita moja ikiwekwa katikati, lenzi zote za zamani hukaa mahali palepale zilipokuwa zikikaa, mkono wa umbali huguswa kama kawaida, na hakuna kinachopotea. Wazee hawakutupwa.

Kanuni ya kuunga imetokana na hesabu hiyo, na ndiyo jambo la kwanza ambalo kijana anayejifunza kazi hufundishwa. Lenzi ya kamera yenye kina kirefu huvalishwa kamera yenye kina kifupi, nafasi inayobaki ikajazwa na pete. Kinyume chake hakiwezekani bila hasara. Nikon za kioo zina kina cha milimita 46.5, Canon za mdomo wa EF zina 44. Kwa hiyo lenzi ya Nikon huingia kwenye Canon kwa pete ya milimita 2.5. Ya Canon ikilazimishwa kwenye Nikon huwa imesogezwa mbele mno: itaona maua ya mezani, bali haitaona watu waliosimama mlangoni. Lenzi za skrubu ya milimita 42, za Zenit na Praktica, zina kina cha 45.46. Kamera za Sony zisizo na kioo zina milimita 18 tu, ndiyo maana karibu kila lenzi iliyowahi kutengenezwa kwa filamu ya milimita 35 inapata nafasi juu yake.

Renjifainda yenyewe ni adimu Dodoma. Kinachoonekana mikononi ni warithi wake, hizo kamera zisizo na kioo, ambazo zimerudisha kina kifupi cha zamani na pamoja nacho milango ya kuunga. Kabla yao zilipita Zenit, Praktica na Yashica za zama za mkanda. Urusi na Ujerumani ya Mashariki, zilikotoka mbili za kwanza, zilikuwa nchi za kusomea, na kamera ilikuwa kitu cha kurudi nacho, kama redio na koti zito lisilovalika. Zenit nyingi zilikuja na lenzi ya Helios-44 ya milimita 58, tundu 2 (kadiri namba inavyopungua, tundu huwa kubwa zaidi). Kamera zimekufa shata, lenzi hazikufa. Leo Helios iliyokaa kabatini miaka 40 huvalishwa kamera mpya, na mandhari ya nyuma huzunguka kama maji ya kisima yaliyotupiwa jiwe. Kwa jicho la fundi wa kiwandani hiyo ni kasoro. Kwa maharusi ndiyo picha ya kutundika sebuleni.

Lenzi inayotafutwa, kuliko zote, ni yenye tundu kubwa na bei inayofikika. Sababu ni giza. Sherehe za mjini ni za usiku: sendofu, kicheni pati, harusi yenyewe, kipaimara kilichohamia ukumbini baada ya misa. Mapambo huwashwa kwa taa za rangi zinazobadilika kila sekunde, na MC hupenda kuzima taa kubwa wakati keki inaingia. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera huwa na tundu la 3.5, na ikivutwa karibu hushuka hadi 5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 huingiza mwanga karibu mara nne ya ile ya 3.5, na zaidi ya mara tisa ya ile ya 5.6. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama chozi la mama mzazi litaonekana au litakuwa ukungu wa kijivu. Leica huuza lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 0.95 kwa zaidi ya dola 10,000. Hakuna kamati ya harusi inayolipa picha zitakazorudisha fedha hizo.

Kazi iliongezeka pamoja na mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, ila kwa miongo mingi mji ulibaki wa reli, zabibu na vikao vya Bunge. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilileta mahafali yanayofanyika Chimwaga, chuoni hapo, na serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016 ilileta watumishi wenye watoto wa kubatizwa na kuozwa. Wapiga picha wa magazeti na wa ofisi za umma wana vifaa vya waajiri wao, nao hawahusiki sana na habari hii.

Giza la pili ni la mchana, nalo halijulikani kwa wageni. Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe: kuta za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo, mlango mfupi unaomlazimu mtu mzima kuinama. Saa sita mchana nje jua linachoma macho. Ndani panaonekana jiko, kibuyu na miguu ya aliyeketi karibu na mlango, basi. Flashi ikiwashwa humo hupaka kila kitu chokaa, na bibi aliyeketi kwa heshima yake hugeuka mtu aliyefumaniwa. Wanaojua huweka flashi begani, hufungua tundu lote, humwomba bibi asogee hatua moja kuelekea mlangoni, wakaacha mwanga wa mlango ufanye kazi. Tangu Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipowakusanya watu vijijini, na baadaye mabati yakashika mapaa, tembe zimepungua sana. Picha za ndani yake zilizopigwa kwa mwanga wake wenyewe ni chache kuliko inavyostahili, na nyingi za wageni zimepigwa kutoka nje, mlango ukiwa shimo jeusi. Msomaji wa picha hizo huambiwa Mgogo aliishi gizani. Aliyekuwa gizani ni mwenye lenzi ndogo.

Kabla ya lenzi mpya kuingia kazini hupimwa, na upimaji huu ndio ibada kubwa ya kazi. Lenzi ya kuungwa haiaminiki kwa maneno ya muuzaji. Zana ni chupa tatu za soda, benchi na ukuta wenye kivuli. Chupa hupangwa kwa mshazari, kila moja nyuma ya mwenzake kwa upana wa kiganja. Kamera huwekwa juu ya meza, usawa wa lebo, umbali wa mita moja na nusu hivi. Tundu hufunguliwa mpaka mwisho. Fokasi huwekwa kwenye lebo ya chupa ya katikati, picha ikapigwa mara tatu, kila mara lenzi ikivurugwa na kuwekwa upya. Kisha picha hukuzwa kwenye skrini na watu hukusanya vichwa. Maandishi ya chupa ya katikati yakiwa makali, lenzi imepita. Yakiwa makali ya chupa ya mbele au ya nyuma, kuna kosa.

Kwa kamera isiyo na kioo kosa hilo halina madhara makubwa, maana jicho huona kwenye skrini kile kile ambacho sensa inaona. Kwa renjifainda ni msiba, kwa sababu dirisha halipiti ndani ya lenzi: mpiga picha huona kivuli kimelalia uso sawasawa, akaamini, na picha ikatoka na masikio makali na macho yaliyofifia. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi 1.5, mtu akiwa mita moja na nusu, huwa na sentimita 8 hivi tu za ukali, mbele na nyuma kwa pamoja. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni zaidi ya hapo.

Mfano unaotajwa na wote ni Jupiter-3. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wasovieti walichukua kutoka Jena, Ujerumani, mitambo na miundo ya lenzi za kampuni ya Zeiss, na kutokana na Sonnar iliyobuniwa na Ludwig Bertele wakatengeneza lenzi hiyo ya milimita 50, tundu 1.5, nyepesi na ya bei ndogo. Ilitolewa kwa skrubu ya milimita 39, kwa hiyo inaingia kwenye Leica bila ubishi. Tatizo ni kwamba vipimo vyake vilifuata kawaida ya Contax, kamera ya Zeiss wenyewe, wakati Leica ina kawaida yake. Tofauti ni chembe, na kwa mtu aliye mbali haionekani. Kwa mtu aliye karibu, tundu likiwa wazi, fokasi huhama. Mafundi wa nchi nyingi wametibu ugonjwa huo kwa namna moja: kufungua lenzi na kubadili unene wa pete nyembamba ya ndani inayoamua vioo vikae wapi. Ukuta wa kopo la soda la bati laini una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na hicho ndicho kipimo kinachohitajika mara nyingi. Mkasi mzuri, kopo moja, jioni moja, na lenzi iliyokuwa ya kutupwa inakaa sawa na za bei mara kumi. Mtu akishaona hivyo hawezi tena kuita kazi hii viraka.

Lenzi ya kamera za kioo ikiungwa kwenye renjifainda hukutana na ukuta mwingine. Pete inaweza kupatikana, lakini lenzi haina ukingo wa kuugusa ule mkono wa chuma. Dirisha linakuwa pambo. Mpiga picha hubaki na namba za mita zilizochongwa kwenye pipa la lenzi, na macho yake.

Hapo ndipo ilipo desturi ambayo inastahili kuombolezwa. Wapiga picha wa zama za mkanda walijua kupima umbali kwa mwili. Aliyesimama nje ya kanisa Jumapili, na mkanda wa picha 36 ambao kila picha ilikuwa na gharama, hakuwa na muda wa kuzungusha lenzi kila familia ilipotoka. Aliiweka mita mbili na nusu, akaiacha hapo, na yeye mwenyewe akawa anasogea. Hatua tatu kubwa kutoka kwa wateja, kituo, flashi. Hesabu ya flashi nayo ilikuwa kichwani: flashi yenye nguvu ya namba 20, ikigawanywa kwa mita 2.5, inadai tundu la 8. Mtoto akiongezwa mbele, mpiga picha alirudi nusu hatua bila kufikiri. Picha zilipelekwa kusafishwa, zikarudi baada ya siku kadhaa, na Jumapili iliyofuata alisimama palepale na bahasha. Aliyelipa kianzio alimalizia; asiyelipa aliona picha yake ikirudishwa kwenye bahasha na kungoja Jumapili nyingine. Wateja walimjua kwa hatua zake tatu. Watoto walimwigiza.

Kamera za leo hutafuta jicho la mtu zenyewe na kulishika hata akicheza. Hakuna mwenye akili atakayekataa msaada huo saa nne usiku, vumbi la kucheza likiwa limejaa ukumbini. Lakini lenzi ya kuungwa, iliyo ya mkono na isiyo na waya wowote wa kuongea na kamera, ndiyo shule pekee iliyobaki ya kupima umbali kwa macho, na vijana wanaoanza na kamera ya kujitafutia jicho hawaingii shule hiyo. Wakipewa Helios hurudi nayo baada ya dakika kumi wakisema ni mbovu.

Kuazimana ni desturi ya pili kwa uzito. Mpiga picha mmoja huwa hana lenzi zote, na hakuna anayetazamia awe nazo. Lenzi za mji huzunguka. Mwenye milimita 85 anajulikana, mwenye pete ya Canon kwenda Sony anajulikana, na kila Alhamisi na Ijumaa simu hupigwa.

"Kaka, shikamoo ya kazi. Hamsini yako ipo?"

"Ipo, ila Jumamosi nina sendofu. Chukua Jumapili. Na uje na begi, usije na mfuko wa rambo."

Lenzi hukabidhiwa na pete yake ikiwa imeshafungwa, kifuniko cha mbele na cha nyuma. Mwenye lenzi hutaja kasoro zote kabla ya mkono wa pili kuigusa: pete inalegea ikigeuzwa kushoto, tundu linakwama likifika 8, fokasi inaangukia nyuma kidogo. Asiyetaja amefanya jambo baya kuliko kunyima. Ikianguka mikononi mwa aliyeazima, gharama ni yake. Ikifa kwa uzee, ni ya mwenyewe. Ugomvi huzaliwa katikati ya hayo mawili, na ndiyo sababu kasoro hutajwa mapema na, ikiwezekana, mbele ya mtu wa tatu. Malipo hutegemea ukaribu: rafiki hutoa soda, mtu wa mbali hulipa ya siku. Kampuni za kukodisha vifaa zimeanza kuchukua nafasi hii kwa mkataba na dhamana. Ni utaratibu mzuri, wenye risiti, na hakuna anayetajiwa kuwa tundu linakwama likifika 8.

Adabu ya kuinua kamera ni ya wenyeji kuliko ya kazi. Kijijini mtu hainui kamera kabla ya kusalimu. "Mbukwenyi" husemwa kwanza, ikaitikiwa, zikafuata habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Kamera ikabaki kifuani imefunikwa. Akina mama wa ngoma ya muheme wakishaanza kupiga, anayetaka picha huzunguka pembeni, hakatizi mbele ya wapigaji. Tamasha la muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino limewavuta wapiga picha wengi kutoka nje, na wengi wao huingia katikati ya uwanja na lenzi pana kama wanaopiga picha za ng'ombe mnadani. Lenzi ya 85 yenye tundu kubwa ilibuniwa kwa ajili ya mahali kama hapo: huleta uso karibu, na miguu ya mpiga picha ikabaki mbali. Jando halipigwi picha, na hakuna zaidi la kusema.

Hali ya hewa nayo imeunda desturi zake. Kwenye miji ya pwani, Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, adui wa lenzi ni kuvu: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui zinazoota ndani ya vioo kwa sababu ya unyevu. Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na isiyopata mvua kwa zaidi ya nusu ya mwaka, ni makazi mema kwa lenzi kuukuu, na lenzi iliyonunuliwa pwani hukaguliwa kwa tochi, mwanga ukipitishwa kutoka nyuma, kabla ya bei kutajwa. Uwanda wa kati una adui mwingine, vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo hauachi, na kila pete inapofunguliwa sensa iko wazi. Hivyo lenzi hubadilishwa ndani ya gari lililofungwa vioo, au chini ya kitenge, mgongo ukiwa umeelekezwa upepo utokako na mdomo wa kamera ukitazama ardhi. Anayebadilisha lenzi huku mdomo ukitazama mbingu hajafundwa.

 

Soko limebadilika tena katika miaka ya karibuni. Viwanda vya China, kama 7Artisans na TTArtisan, hutengeneza lenzi zenye tundu kubwa kwa mdomo wa Leica M, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na za Wajerumani. 7Artisans ya milimita 50, tundu 1.1, huja na karatasi ya kupimia fokasi, na ukingo wake wa nyuma unaweza kurekebishwa na mnunuzi mwenyewe mpaka ukubaliane na mkono wa kamera yake. Kiwanda kimekiri kwa maandishi kile ambacho chupa tatu za soda zilikuwa zikisema siku zote. Lenzi hizo, kwa kuwa zimekatwa kwa kina cha 27.8, huingia pia kwenye kamera zisizo na kioo kwa pete nyembamba, na kwa njia hiyo damu ya renjifainda inafika hadi kwenye kumbi za Dodoma bila renjifainda yenyewe kuonekana.

Pete ya kuungia ni kitu kidogo, na ubora wake haufanani. Ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni nene au nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa chembe. Kwenye kamera isiyo na kioo kosa hilo humezwa, kwenye renjifainda hurudi picha kwa picha. Kwa hiyo pete hupimwa pamoja na lenzi yake, na zikishapatana hazitenganishwi. Anayekwenda kununua lenzi iliyotumika aende mchana, na kamera yake, na pete yake, na tochi, na chupa tatu za soda. Muuzaji asiyekubali zipangwe mezani kwake aachiwe lenzi yake.